Kesha Mlaza

"Asilimia sabini na moja," mtambo ukatangaza, na watu walioshikilia wavu wa uwanja wakaangua kicheko.

"Ee Sabini! Leo umekunywa uji kweli?"

"Mwacheni jamani, jana alikuwa sabini na nusu. Mtoto anakua!"

Sizya Mabula alikuwa bado chini, uso kwenye nyasi. Mbele yake kivuli cha Mhoja Kasanda kilisimama juu ya sanamu ya mrushaji waliyokuwa wakiikimbilia, mkono mmoja kiunoni. Kilikuwa cha mwanga mtupu, hakihemi wala hakitoki jasho. Sizya alikuwa anahema kwa ajili ya wote wawili.

Wageni wakija Tabora husema mpira huu si mpira. Mpira gani umechongoka kama yai, unakumbatiwa kifuani, na watu wanavaa makofia magumu kama wanakwenda kupasua mawe? Waache waseme. Wahandisi wa Kimarekani waliokuja kujenga reli ya pili ndio waliouleta, wakaondoka na mashine zao, wakatuachia mpira. Siku hizi mtoto wa Tabora hata meno hajaota anajua kitasa ni nani. Ni yule anayesimama katikati ya ulinzi, nyuma ya wale wanene wa mbele, akimvizia mrushaji wa wapinzani. Mrushaji akichelewa kuuachia mpira, kitasa anamfuata na kumlaza. Na ukitaja kitasa hapa, unamtaja Mhoja Kasanda wa Nyuki wa Tabora, marehemu, ambaye kila kijana anayevaa jezi ile anapimwa naye kila asubuhi, apende asipende.

Nyanzala alikuwa ndani ya kibanda cha vioo, juu ya jukwaa, visikilizi masikioni. Cheo chake kiliitwa mlezi wa kivuli. Kila kivuli kilipoinuka na kukimbia, yeye peke yake aliisikia sauti iliyokizaa.

"Mhoja anachungulia… Mhoja anaingia, anaingia… kesha mlaza! Kesha mlaza, Tabora!"

Sauti ile ilikuwa ya mume wake, Kiyungi Mlela, mtangazaji wa redio, aliyefariki miaka tisa iliyopita. Nyanzala alikuwa na umri wa miaka hamsini na nane, na kila asubuhi ya Mungu, saa tatu kamili, alikuwa anaolewa upya. Hakumwambia mtu. Ungemwambia nani jambo kama hilo?

Picha za Mhoja hazikuwapo tena. Mwaka wa dhoruba ya jua, ghala za kumbukumbu zilikaangika zote, zikaenda na mechi, vyeti na picha za harusi za watu. Kilichobaki ni sidii ishirini na mbili za matangazo ya Kiyungi, ambazo alizirekodi kwa ubishi tu, wenzake wakimcheka kwamba anatunza vyombo vya babu zake. Wataalamu wakaupa mtambo sidii zile. Mtambo ukasikiliza neno kwa neno, ukapima Mhoja alitoka wapi, akafika wapi, kwa sekunde ngapi, ukamsimamisha upya kwa mwanga. Kisha nakala zake zikapelekwa kwenye miji kumi na miwili ya ligi.

Mlango wa kibanda ukagongwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Sizya. Ingia, ukae. Goti vipi?"

"Zima," akasema, na kukaa upande ili asilikunje. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, mabega mapana, sauti ndogo isiyolingana na mabega. "Mama, nimekuja kukuaga. Ijumaa saa nne natia saini. Jumatatu napelekwa Dodoma."

"Dodoma kufanya nini?"

"Kubadilisha kano. Wanatoa hizi za kuzaliwa, magoti yote mawili, wanatia za maabara. Daktari anasema nitafika tisini na kitu."

Nyanzala akavua visikilizi. Wanne wa ligi walikwisha kufanyiwa. Wawili walikimbia kama swala, wawili walitembea kwa fimbo, na kano za kuzaliwa zikishatolewa hazirudi.

"Mama yako anasemaje?"

"Analia. Lakini mama, wewe unajua. Nimefika mwisho wa miguu yangu. Nakimbia mpaka naona nyota, na bado nikifika yule kesha fika zamani." Akacheka kidogo, cheko la aibu. "Nilikuwa mdogo, baba anatuwekea ile sauti ya mzee wako. Nilitaka siku moja na mimi nitangazwe hivyo. Sitaki zaidi ya hapo."

Angejibu nini mwanamke aliyekuwa anatamani sauti hiyohiyo? Alimwambia aende akatie barafu goti. Kijana alipotoka, Nyanzala akakaa na mikono mapajani muda mrefu, na chai ikapoa.

*

Alhamisi ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alifua, akaanika, akakoroga mlenda ambao hakuula. Saa nane mchana akafungua sanduku la chini ya kitanda, akatoa redio kongwe ya kuchezea sidii na sidii ya fainali dhidi ya Chuma cha Ludewa. Zile za asili alizitunza yeye, kwa kibali.

Alikuwa hajawahi kuzisikiliza tangu mazishi. Za kazini zilikuwa zimesafishwa. Hizi zilikuwa mbichi, na zilipoanza tu, nyumba ikajaa watu: vuvuzela, wauza karanga, mwanamke mmoja aliyekuwa anamtukana mwamuzi kwa Kinyamwezi safi kabisa. Na katikati yao, Kiyungi.

"Mhoja anachungulia… anaingia… kesha mlaza!"

Kisha, baada ya kesha mlaza, uwanja ukalipuka.

Nyanzala akaacha kukunja kanga aliyokuwa nayo mkononi. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena.

"Kesha mlaza!" Kimya kidogo, kama mtu anayevuta pumzi. Kishindo. Ndipo watu elfu kumi wakapiga kelele.

Akasema kwa sauti, peke yake chumbani: "Kiyungi, we mwanamume wewe!"

Maana alimjua. Miaka ishirini na sita alipikiwa uongo huohuo. Alikuwa akimpigia simu: nishafika, mke wangu, pakua. Anapakua. Ugali unapoa, unaota ngozi, mtu yuko mtaa wa Kachoma huko anabishana na fundi baiskeli. Ukimuuliza, anashangaa kweli, macho yamemtoka: "Si nimekwambia nimefika? Nilikuwa naja!" Kwa Kiyungi, jambo alilokuwa na hakika nalo lilikuwa limekwisha kutokea. Na hapa duniani hakuna jambo alilokuwa na hakika nalo kama Mhoja Kasanda. Mhoja akiinua mguu tu, Kiyungi alikuwa kesha mlaza mrushaji, kesha shangilia, kesha kwenda nyumbani kulala.

Hakuwa peke yake, tuseme ukweli. Nani kati yetu hajawahi kusema nishatoka nyumbani, na sabuni iko kichwani? Sisi tunasikia nishafika na tunajua bado mtaa mzima. Mtambo haukulelewa na mama yeyote wa Tabora, haukujua. Ulifundishwa kwamba anaingia ni jambo linaloendelea, na kesha mlaza ni jambo lililokwisha, basi ukapiga muhuri wa saa palepale neno lilipotoka. Kivuli kilikuwa kinafika pale ambapo Mhoja alikuwa bado njiani.

Na mshindo wa watu, ambao ungeuumbua uongo huo siku ya kwanza, ulikuwa umefutwa. Hapo ndipo Nyanzala alipokaa sakafuni. Waliousafishia mtambo sauti walimuuliza: mama, kelele za uwanjani tuziache au tuzitoe? Yeye ndiye aliyesema zitoeni. Alisema zinachafua. Haja yake ilikuwa kumsikia mumewe peke yake, asiingiliwe na mtu, kama alivyokuwa akimnong'oneza.

Akasikiliza sidii ya pili, ya tatu, mpaka ya saba, akiruka mpaka palipo na neno lile. Pengine neno lilitangulia kishindo kwa nusu sekunde, pengine kwa sekunde nzima. Na katika ile ya tano, Kiyungi akapaza sauti, kesha mlaza, na uwanja ukaguna kwa huzuni, kwa sababu Mhoja alikuwa amemkosa mrushaji na kuanguka na hewa. Kiyungi akahamia mara moja kwenye habari za hali ya hewa. Nyanzala akacheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza kutoka yakakataa kusimama. Jinsi alivyomtamani mtu yule! Angekubali ugali upoe kila siku mpaka kiama.

Jua lilikuwa bado kali nje. Akawaza: nikinyamaza, nani atajua? Kesho saa tatu atakuwepo masikioni mwangu, na keshokutwa, na mwaka kesho. Kijana ameamua kwa akili zake mwenyewe. Si mtoto.

Akawaza hivyo mara tatu, na mara ya tatu akajiona haya.

*

Mhandisi Fidelis Kapufi, mkuu wa mtambo, alisikiliza vipande vya kila sidii. Ilikuwa Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, aliyezoea kufuta miwani yake mambo yakiharibika, na asubuhi ile aliifuta sana.

"Wastani, nukta nane za sekunde," akasema hatimaye. "Dada Nyanzala, hakuna binadamu anayeweza kukimbizana na nukta nane."

"Najua. Basi punguza. Kivuli kicheleweshe nukta nane, yaishe."

"Nikipunguza nukta nane, pale alipowahi kwa nusu nitamchelewesha Mhoja mno, na pale alipowahi kwa sekunde bado nitampendelea. Na hizi alizokosa kabisa? Kuna sidii ambazo uwanja umefunikwa na mvua, sisikii kishindo wala watu. Nitajuaje?" Akavaa miwani. "Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema."

"Mume wangu hakuwa mwongo," Nyanzala akasema, haraka na kwa ukali.

"Samahani. Sikukusudia." Akaivua miwani tena. "Lakini sheria ya vivuli inatumia neno hilohilo. Chanzo kikithibitika kinasema uongo, kinafutwa. Nakala zote, na za asili pia, maana sidii moja tu ikibaki mtaani kuna watu watamwamsha tena Mhoja wiki ijayo, na watakatana miguu upya. Unaelewa nakwambia nini?"

"Naelewa."

"Hutamsikia tena."

"Fidelis, nimekwambia naelewa."

Kapufi akainuka, akafunga mlango, akarudi. Aliinamisha sauti. "Kuna njia nyingine. Mwambie kijana peke yake. Mwambie asitie saini, akae na sabini na moja yake, mimi nitamwombea kwa kocha. Karatasi hatuandiki. Wewe unabaki na mzee wako. Mimi sitasema, wallahi."

Alikuwa anasema kwa wema, na ndiyo maana ilimuuma. Nyanzala alikaa akiitazama sidii ya fainali juu ya meza. Juu yake Kiyungi aliandika kwa kalamu nene, mwandiko umelala kama umechoka: FAINALI. TUMESHASHINDA. Aliandika hivyo asubuhi ya mechi, kabla hajatoka nyumbani.

Saa tatu na nusu akamkuta Sizya nje ya ofisi ya kocha, amevaa shati jeupe la kupigia saini. Akamweleza yote, hata la kelele. Hakujipamba.

Kijana akayatazama magoti yake. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi si mbovu?"

"Hujawahi kuwa mbovu, mwanangu. Ulikuwa unashindana na ubishi wa mume wangu."

Sizya akaficha uso kwenye viganja vyake, mabega yakatikisika. Nyanzala akamwekea mkono mgongoni, akamwacha alie. Alipoinua kichwa, jambo la kwanza alilosema halikumhusu yeye.

"Tungaraza anakatwa mwezi ujao. Kitasa wa Ludewa. Na yule dogo wa Songea ameshapewa tarehe. Wao nani atawaambia?"

Nyanzala akageuka kuondoka. Alikuwa amejua tangu jana kwamba kuna Tungaraza mahali fulani, hakulijua tu jina lake.

Akarudi kwa Kapufi. "Andika karatasi," akasema.

*

Kufuta chanzo si kubonyeza kitufe mara moja ukaenda zako. Mtambo unatambulisha kila sidii kwa sekunde kumi za mwanzo, kisha unamuuliza aliyeitoa, na lazima ajibu kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya shahidi. Kapufi alikaa kama shahidi. Sizya aliomba kuwepo, bado na shati lake jeupe, akakaa kwenye kiti cha kona na magoti yake mawili ya kuzaliwa.

"Chanzo cha kwanza," mtambo ukasema. Ikaja sauti ya Kiyungi, kijana bado, akihesabu wachezaji wa Nyuki kwa majina. Ikakatika. "Sauti hii ni ya kweli, au ya uongo?"

"Ya uongo," Nyanzala akasema.

Taa moja kati ya ishirini na mbili ikazimika, na sidii yake ikawa tupu.

Ya pili, Kiyungi alikuwa na mafua. Ya tatu alikuwa anakula kitu. Ya sita alimsalimia mama mkwe wake wa Sikonge, aliyekuwa hampendi, na Nyanzala akatabasamu bila kutaka. Kila mara mtambo uliuliza, kwa upole uleule, na kila mara alijibu neno lilelile. Ilipofika ya kumi na moja, Kapufi akamletea maji. Ilipofika ya kumi na saba, Sizya akasimama.

"Mama, nisemee mimi. Jamani, si nisemee mimi tu?"

"Haikubaliki," Kapufi akasema, macho chini.

"Kaa, mwanangu," Nyanzala akasema. "Ni mume wangu. Nitamsemea mwenyewe."

Taa ikabaki moja. Ile ya fainali.

Vuvuzela zikalia, kisha sauti ya Kiyungi ikaja, karibu kabisa, imejaa furaha kama mtu aliyeshinda tayari.

"Tabora, mmeamkaje? Ni mimi wenu Kiyungi Mlela, na leo, mke wangu akiwa shahidi, sitasema uongo hata neno moja!"

Ikakatika.

Nyanzala alicheka. Hakuweza kujizuia, alicheka kwa sauti kubwa, mkono mdomoni, na Kapufi akageukia dirishani.

"Chanzo cha ishirini na mbili," mtambo ukasema. "Sauti hii ni ya kweli, au ya uongo?"

Mtambo ukasubiri. Ukauliza tena.

"Alikuwa anampenda tu Mhoja," Nyanzala akasema.

"Jibu halikueleweka. Ya kweli, au ya uongo?"

Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alitamani kuomba sekunde kumi nyingine, hata tano. Alijua akiomba atapewa, Fidelis angempa, na akipewa hatalisema tena neno hilo.

"Ya uongo," akasema.

Taa ikazimika, na mtambo ukashukuru. Nje, mafundi walikuwa wamekwisha kuzima projekta za uwanjani, na nyasi zilikuwa nyasi tu, zimechanika pale Sizya alipokuwa akianguka kila asubuhi. Kapufi akakusanya sidii tupu kwenye boksi, akatoka nazo polepole bila kuaga.

Sizya akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Mama," akasema mwisho, kwa sauti yake ile ndogo. "Usinione mjinga. Lakini kwa kweli kabisa, bila kivuli… mimi na Mhoja, nani zaidi?"

Nyanzala akafuta uso kwa upindo wa kanga. Alimtazama kijana yule, mabega yake, magoti yake, macho yaliyokuwa yanangoja kwa hamu kubwa sana, na akatafuta kichwani mwake mtu wa kumuuliza.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Aliyekuwa anajua, ndiye huyu nimetoka kumfuta."